VA Wamekukatalia Doo ya Ulemavu? Usitupe Hiyo Barua, Bado Uko na Mwaka Mmoja

Kama uko na brathe, sista ama anko aliyevaa sare ya jeshi la Marekani, hii stori inakuhusu. Na kama wewe mwenyewe ndio uliivaa, tafuta chai ukae chini, juu hii maneno ni ndefu kiasi na iko na doo ndani.

Wakenya wako kwa hilo jeshi kitambo. Kuna waliobahatika na grinkadi, wakafika Texas ama Minnesota, wakaona kodi ya nyumba na bili zinavyokimbia, wakaenda kuandikishwa. Kuna wengine walipitia mpango wa MAVNI, ule ulioidhinishwa mwaka 2008, ambapo jeshi lilikuwa linatafuta wageni wanaobonga lugha ambazo wao hawana watu wa kutosha. Kiswahili kilikuwa kwa ile orodha. Ulikuwa unaweza kuwa na viza ya mwanafunzi tu, uingie jeshi na upate uraia haraka. Huo mpango ulisimamishwa 2016, lakini wasee walioingia nao wako, na wengi saa hii wametoka. Magoti yamechoka, mgongo unauma, masikio yanalia usiku kucha kama nzige, na kuna wale hawalali vizuri tangu warudi Iraq ama Afghanistan.

Sasa, ukitoka jeshi na uko na ugonjwa ama jeraha lililotokana na kazi, kuna idara ya serikali yao inaitwa VA, yaani Idara ya Mambo ya Maveterani, inayotakiwa kukulipa kila mwezi. Hizo doo hazikatwi kodi. Wanakupima kwa asilimia, kutoka 0 hadi 100, wakiruka kumi kumi. Kwa viwango vya mwaka 2025, mtu asiye na familia wa asilimia 10 alikuwa anapata dola 175.51 kwa mwezi. Wa asilimia 100 alikuwa anapata dola 3,831.30. Hiyo ya mwisho, kwa shilingi zetu, ni karibu nusu milioni. Kila mwezi. Mpaka ufe.

Unaona kwa nini barua ya "tumekataa" sio kitu ya kuweka juu ya friji.

Nasema friji juu najua. Mimi nilinyimwa basari nikiwa mwaka wa pili koleji. Barua ilisema wazi kabisa kwamba niko na siku 14 za kukata rufaa. Niliisoma mpaka pale pa "tunasikitika", nikaikunja, nikaiweka juu ya friji ya mathe, nikakasirika wiki tatu. Nilipoenda ofisini, dada wa pale akaniangalia kwa huruma akaniambia siku zimeisha. Hiyo ndio sababu saa hii naandika hapa badala ya kuwa na digrii. Hakuna mtu alinikosea, mimi ndio sikugeuza ukurasa. So ukiona nimesisitiza tarehe sana, uelewe.

Geuza ukurasa

Barua ya VA ya kukataa iko na mambo mengi, na kitu cha kwanza ni kujua wamekukatalia wapi. Dai la ulemavu linasimama kwa miguu mitatu. Moja, uko na ugonjwa saa hii, na daktari ameupa jina. Kusema tu "nauma" haitoshi. Mbili, kuna kitu kilitokea ukiwa jeshini: ulianguka, bomu lililipuka karibu, ulipumua moshi, uliona mambo mabaya. Tatu, kuna kiungo kati ya hizo mbili, yaani daktari anasema huu ugonjwa wa leo umetoka kwa ile kitu ya wakati ule.

Mguu mmoja ukikosekana, dai linaanguka. Na wengi huanguka kwa huo wa tatu. Jamaa ako na mgongo mbovu, rekodi zinaonyesha alianguka kutoka kwa lori mwaka 2011, lakini hakuna daktari ameandika sentensi ya kuunganisha. Kwake ni kitu ya wazi kabisa. Kwa karatasi haiko.

Habari njema ni kwamba kiwango cha ushahidi si kile cha kesi ya mauaji. Daktari hahitaji kusema "nina uhakika". Inatosha aseme kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kwamba ilitoka jeshini. Na sheria yao inasema ushahidi wa pande mbili ukilingana, faida inaenda kwa mwanajeshi. Yaani sare ni yako. Mahakama ya kawaida ya madai hawakupei hiyo. Kule, ukitoka sare, aliyeshtaki ameangukia.

Kitu kingine ndani ya hiyo barua ambacho watu hupita bila kuona: kuna sehemu wanaorodhesha mambo ambayo wamekubali tayari. Mfano, "tunakubali ulikuwa Afghanistan" ama "tunakubali uko na ugonjwa wa goti". Hizo zikishaandikwa, ofisa anayefuata amefungwa nazo, hawezi kuanza kukuuliza upya mpaka kuwe na kosa la wazi kabisa. So hauna haja ya kupoteza nguvu kuthibitisha kitu wameshakubali. Nguvu zote peleka kwa ule mguu uliovunjika.

Njia tatu, na kila moja iko na mlango wake

Zamani rufaa ilikuwa barabara moja, na watu walizeeka wakiwa kwa foleni. Bunge lao likapitisha sheria mpya ya rufaa Agosti 2017, ikaanza kufanya kazi 19 Februari 2019. Sasa ukikataliwa unachagua moja kati ya tatu.

Ya kwanza ni dai la nyongeza, Fomu 20-0995. Hii unaenda nayo ukiwa na ushahidi mpya unaogusa ile sababu ya kukataliwa. Barua ya daktari ya kuunganisha. Rekodi za hospitali ambazo hazikuwa kwa faili. Maneno ya mse mliyekuwa naye kikosi kimoja, anaandika kwa fomu ya ushahidi kwamba "nilimuona akianguka, tulimbeba". Watu hudharau hiyo ya mwisho, lakini inahesabika. Hata bibi ama mathe anaweza kuandika jinsi ulivyoondoka ukiwa mzima na ukarudi unapiga kelele usingizini. Hawezi kusema ni ugonjwa gani, hiyo ni ya daktari. Lakini alichokiona kwa macho yake ni ushahidi.

Ya pili ni kuomba ofisa mkubwa zaidi aangalie upya, Fomu 20-0996. Hapa hakuna ushahidi mpya hata karatasi moja. Unasema tu, "mlikuwa na kila kitu mezani na mkasoma vibaya." Unaweza kuomba simu moja ya kuongea na huyo ofisa umuonyeshe kosa liko wapi. Omba hiyo simu. Na akikuta kwamba VA walishindwa kufanya jukumu lao la kukusaidia kutafuta ushahidi, tuseme hawakuitisha rekodi ulizowatajia, faili inarudishwa wakafanye hiyo kazi. Lakini ukikataliwa hapa hauwezi kuomba hii hii tena kwa jambo lile lile. Lazima uhamie mlango mwingine.

Ya tatu ni kwenda kwa Bodi ya Rufaa za Maveterani, ambapo jaji ndio anaamua, Fomu 10182. Huko nako kuna foleni tatu. Kuna ya haraka kiasi, jaji anasoma faili ilivyo. Kuna ya kuongeza ushahidi, unapewa siku 90 tangu fomu yako ifike. Na kuna ya kusikilizwa, unaongea na jaji kwa video ama ana kwa ana, halafu unapata siku 90 zingine za kutuma karatasi. Hii ya kusikilizwa huchukua muda. VA walijiwekea lengo la wastani wa siku 125 kwa zile njia mbili za kwanza, na siku 365 kwa foleni fupi ya Bodi. Lengo ni lengo, si ahadi, lakini linakupa picha.

Sasa uende wapi? Maoni yangu, chukua ama uache: watu wengi wanakimbilia Bodi juu neno "jaji" linawafurahisha. Kama shida yako ni karatasi ya daktari iliyokosekana, jaji atafanya nini? Hata yeye anahitaji hiyo karatasi. Nenda utafute barua, jaza dai la nyongeza, umalize. Simu ya ofisa mkubwa ni ya wakati kosa ni lao na linaonekana. Jaji ni wa wakati mnabishana sheria, ama wakati ofisi imekukatalia mara mbili na unajua uko sawa.

Mwaka mmoja, na kwa nini ni noma

Kutoka tarehe iliyo kwa barua ya uamuzi, uko na mwaka mmoja. Hesabu kutoka tarehe ya barua yenyewe. Siku uliyoifungua haihesabiki, wala siku hasira ilipoisha.

Ofisa mkubwa na Bodi, mwaka ukipita milango hiyo miwili imefungwa. Dai la nyongeza unaweza kupeleka hata baada ya miaka kumi, na hapo ndio watu hudanganyika. Wanasema, "si bado naweza?" Unaweza, lakini umepoteza tarehe yako ya kuanza kulipwa.

Wacha nifanye hesabu. Tuseme jamaa, tumuite Sajini, alipeleka dai lake la kwanza Machi 2022. Februari 2023 wakamkatalia. Sajini akaendelea kupigana ndani ya mwaka, na Machi 2025 wakampa asilimia 50. Kwa sababu hakuvunja mnyororo, malipo yanarudi nyuma mpaka Aprili 2022. Hiyo ni miezi 36. Ukijumlisha viwango vya kila mwaka kwa mtu asiye na familia, ni zaidi ya dola 37,000 kwa mpigo. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni kama milioni 4.8.

Sasa Sajini yule yule aiweke barua juu ya friji. Februari 2024 inapita. Aprili 2024 anachanuka, anapeleka ushahidi ule ule, anashinda siku ile ile ya Machi 2025, asilimia ile ile. Malipo yanaanza Mei 2024. Anapata karibu dola 12,000. Goti ni lile lile, daktari ni yule yule, na tofauti ni zaidi ya milioni 3 ya Kenya juu ya wiki chache.

Huo mnyororo unaweza kuushikilia muda mrefu. Ukikataliwa kwa njia moja, unaenda nyingine ndani ya mwaka tena, na tarehe yako ya zamani inabaki hai. Ukifika Bodi na ukatae uamuzi wa jaji, unaweza kwenda Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Maveterani kule Washington, lakini hapo muda ni siku 120, sio mwaka. Wengi huanguka hapo juu walizoea mwaka.

Hiyo mahakama yenyewe iko na stori. Kabla ya 1988 haikuwepo. VA wakisema hapana, ni hapana, hakuna jaji wa nje angeangalia. Na kuna sheria ilitoka enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1864, iliyosema loya hawezi kulipwa zaidi ya dola 10 kwa kumsaidia mwanajeshi na dai lake. Dola 10! Ilikaa hivyo zaidi ya miaka mia moja, na mwaka 1985 Mahakama yao ya Juu ikasema ni sawa tu. Walidai wanawalinda wanajeshi na maloya wenye tamaa. Matokeo ni kwamba hakuna loya angeshika kesi yako. Hata hivyo walikuwa mbele ya wengine. Mababu zetu waliopigana Burma na KAR walilipwa na Waingereza chini ya wazungu waliokuwa nao kwa jeshi moja, kwa sababu ya rangi, na fomu ya kukata rufaa hawakuwahi kuiona.

"Niko sawa tu" itakumaliza

Hapa nataka kubonga na Wakenya peke yao.

VA watakutuma kwa daktari wao akupime. Usipoenda bila sababu ya maana, kuna uwezekano mkubwa wa dai kukataliwa, hiyo ni moja. Lakini kuna wale wanaenda na bado wanajimaliza. Daktari anauliza, "Habari yako leo?" Mkenya anajibu vile tumefunzwa: "Niko poa, tunamshukuru Mungu." Daktari anaandika: mgonjwa anasema yuko poa. Anauliza, "Unaweza kutembea?" "Eeh, naweza." Anaandika. Hujamwambia kwamba unatembea dakika kumi halafu unakaa chini kwa ngazi ya duka ukijifanya unaangalia simu.

Wanaume wetu ndio noma zaidi. Mtu amelala na taa imewaka miaka minane, hawezi kukaa mkahawani na mgongo kwa mlango, fataki za mwaka mpya zikilia anaingia bafu. Ukimuuliza anasema ni uchovu. Hiyo inaweza kuwa PTSD, na PTSD inapimwa kwa vile inavurugia kazi na watu wako. Usiongeze chumvi, kudanganya ni kosa la jinai na wanashika. Lakini usipunguze pia. Ongea kuhusu siku zako mbaya, ni mara ngapi kwa mwezi, na ni nini hauwezi kufanya zikifika. Andika kwa karatasi kabla uende kama unajua utaona haya.

Na hesabu yao ya asilimia isikuchanganye. Ukiwa na 50 ya PTSD na 30 ya mgongo, haikuwi 80. Wanasema: ulikuwa mzima mia, PTSD imekula 50, umebaki 50. Mgongo unakula asilimia 30 ya kile kilichobaki, yaani 15. Jumla 65, wanazungusha inakuwa 70. Ongeza 10 ya masikio yanayolia: inakula 3.5 ya kile kilichobaki, unafika 68.5, bado ni 70. Watu hupigia simu maloya wakilia wameibiwa, na ni hesabu tu. Ila kama hayo magonjwa yanakufanya usiweze kushikilia kazi ya maana, kuna njia ya kulipwa kama mtu wa 100 hata kama karatasi inasema 70. Kwa kawaida wanataka uwe na ugonjwa mmoja wa 60, ama jumla ya 70 na mmoja ufike 40. Ukifikia hapo na hufanyi kazi, ulizia.

Waliopumua moshi

Kama ulikataliwa zamani kwa sababu ya kifua ama saratani, soma hapa mara mbili. Kwenye kambi za Iraq na Afghanistan walikuwa wanachoma kila kitu kwa mashimo ya wazi: plastiki, betri, dawa, kinyesi, mafuta ya ndege yakimwagwa juu ndio iwake. Wanajeshi walilala karibu na huo moshi. Kwa miaka mingi mtu akiugua alikuwa anaambiwa athibitishe ni moshi ule, na utathibitishaje moshi?

Tarehe 10 Agosti 2022 Rais Biden akatia sahihi sheria ya PACT, iliyobeba jina la Heath Robinson, sajini wa Ohio aliyekufa kwa saratani ya mapafu mwaka 2020. Sheria inasema kama ulihudumu sehemu fulani tarehe fulani na uko na ugonjwa ulio kwa orodha, ule mguu wa tatu unachukuliwa kuwa upo. Hauhitaji daktari wa kuunganisha. Sehemu hizo ni pamoja na Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Somalia kuanzia Agosti 1990, na Afghanistan, Yemen na Djibouti kuanzia 11 Septemba 2001. Somalia na Djibouti ni hapa kwa majirani, na kuna Wakenya walipelekwa huko juu wanajua ukanda. Kama dai lako lilikataliwa kabla ya hiyo sheria, peleka dai la nyongeza. Mabadiliko ya sheria yanakufungulia mlango.

Nani atakusaidia, na nani atakukula

Mashirika kama DAV, VFW na American Legion wako na watu waliofunzwa na kuidhinishwa na VA kushika kesi, na ni bure kabisa. Anza hapo. Tatizo lao ni wingi wa kesi, mtu mmoja ako na mafaili mengi, so mfuatilie bila kuona haya.

Loya anaingia baada ya uamuzi wa kwanza. Sheria hairuhusu mtu yeyote kukutoza kwa kukuandalia dai la kwanza. Baada ya hapo, loya aliyeidhinishwa kwa kawaida anachukua asilimia ya malipo ya nyuma ukishinda, na asilimia 20 inahesabika kuwa ya haki. Ikipita theluthi moja, inachukuliwa si ya haki mpaka yeye aonyeshe sababu. Ukifika ile mahakama ya Washington na ushinde, ama kesi irudishwe kwa kosa la VA, mara nyingi serikali ndio inamlipa loya. Kesi nyingi zinazofika huko hurudishwa kuangaliwa upya, so usiogope jina kubwa.

Sasa kuna makampuni ya mtandaoni yanakuahidi "asilimia 100 kwa miezi mitatu". Wanataka sehemu ya malipo yako yajayo, miezi mitano sita, na wengine wanataka pasiwadi ya akaunti yako. Hawajaidhinishwa. Hao ni wale wale wa mtaa wanaokuuzia ploti moja watu wanne, ila hawa wako na tovuti safi. VA wana orodha ya wazi ya walioidhinishwa kwa tovuti yao, tafuta jina kabla usaini kitu.

Kama umerudi nyumbani

Kuna wasee wamejenga Kitengela, Ruiru, Eldoret, wanakula uzee. Kuishi Kenya hakukunyang'anyi doo ya ulemavu, na rufaa unaweza kufanya ukiwa huku. Madai ya watu wanaoishi nje kwa sehemu kubwa ya dunia, sisi tukiwemo, yanashughulikiwa na ofisi ya Pittsburgh. Uchunguzi wa daktari unaweza kupangwa huku. Na kuna mpango wa matibabu ya nje wa VA unaolipia magonjwa ambayo wameshakubali yalitoka jeshini, so weka risiti za hospitali.

Shida kubwa ya walio huku ni anwani. Barua inaenda kwa apatimenti uliyohama Killeen miaka mitatu iliyopita, aliyehamia anaitupa, na saa inahesabu. Badilisha anwani kwa VA, fungua akaunti yao ya mtandao uangalie barua hapo, na uweke kumbukumbu kwa simu ya tarehe ya mwisho, miezi miwili kabla. DD-214 yako, ile karatasi ya kutoka jeshi, piga picha, tuma kwa watu wawili unaowaamini. Usifikiri serikali haipotezi karatasi. Julai 1973 moto uliwaka kwa jengo la kumbukumbu za jeshi kule St. Louis na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Hayakuwa na nakala. Kuna wazee walitumia maisha yao yote kuthibitisha walikuwa jeshini.

Kitu ya mwisho, na hii ni ya familia. Mwanajeshi akifa rufaa ikiwa bado inaendelea, kesi haifi lazima naye. Mke ama mume aliyebaki, ama watoto wadogo, ama mzazi aliyekuwa anamtegemea, anaweza kuomba kuingia mahali pake na kuendelea pale alipofikia, Fomu 21P-0847. Muda ni mwaka mmoja kutoka siku ya kifo. Kwetu mwaka wa kwanza unaishia kwa mazishi, madeni ya hospitali na mikutano ya ukoo kuhusu shamba, na hakuna mtu anafungua ile bahasha ya kahawia iliyo chini ya kitanda. Kama mzee ama kijana wenu alikuwa na kesi, ifungueni wiki hii.